Tiba ya Askari Wetu Iwe Mikononi Mwetu

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Iringa, akiisha kuupanda mlima wa Kitonga na kuanza kuukaribia mji, hupita mahali paitwapo Lugalo. Hapo ndipo tarehe 17 Agosti 1891 majeshi ya Mtwa Mkwawa yalipokivamia kikosi cha Mjerumani Emil von Zelewski na kukivunja, na Zelewski mwenyewe akauawa. Tulipokwisha kujitawala, kambi ya jeshi ya Dar es Salaam ambayo wakati wa Waingereza iliitwa Colito, kwa kukumbuka vita vya mwaka 1941 huko Ethiopia, ilipewa jina jipya la Lugalo. Leo Hospitali Kuu ya Jeshi letu nayo inaitwa Lugalo. Askari akipatwa na maradhi makubwa Kigoma au akivunjika vibaya Mtwara, neno linalosemwa ni moja: apelekwe Lugalo.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini jina hilo twalionea fahari. Lakini fahari haimtibu mgonjwa. Juma hili twataka kuuliza swali ambalo katika mikutano yetu ya Mbeya na Iringa halijapata kuulizwa kwa sauti ya kutosha: tiba ya askari wetu imo mikononi mwa nani? Nani anunua dawa yake, nani amfundisha mganga wake, na nani aweza kusema siku moja, kwa neno lake tu, kwamba dawa hiyo haitakuja tena?

Kwanza tuondoe shaka. Tangu nchi yetu irudie vyama vingi mwaka 1992, askari haruhusiwi kuwa mwanachama wa chama cho chote cha siasa, na sisi twaiheshimu sheria hiyo. Hatumwandikii askari ili tumvute upande wetu. Twawaandikia wazazi wake, walipa kodi wenzake, na vijana ambao kesho watapanda lori kwenda Mafinga au Itende kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Jeshi ni la wananchi; jina lake lasema hivyo. Basi afya ya jeshi ni jambo la wananchi.

Historia yatufundisha kwamba adui aliyewaua askari wengi zaidi mara nyingi si yule aliyeshika bunduki. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalivuka kutoka Nyasaland, yakaishika Tukuyu, yakapita Njombe, na mwisho wa mwezi wa Agosti yakaingia Iringa. Wazee wetu walibebeshwa mizigo ya majeshi hayo, na wengine walibebeshwa mizigo ya Wajerumani, katika vita ambavyo havikuwa vyao hata kidogo. Kwa hesabu ya Waingereza wenyewe wapagazi wao karibu 95,000 walikufa katika vita vile vya Afrika Mashariki. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria na kwa kichomi. Walipewa unga ambao matumbo yao hayakuuzoea na ambao hawakuwa na nafasi wala kuni za kuupika ukaiva. Walilala katika mvua na baridi ya milima yetu bila blanketi la kutosha. Jina la Kariakoo huko Dar es Salaam ni jina la kikosi cha wapagazi hao, na watu waendao kununua nguo na nazi pale kila siku wachache hukumbuka kwamba wanalitamka jina la msiba.

Somo la msiba huo ni jepesi kueleweka. Dawa ya kwanza ya askari ni chakula kilichoiva, maji safi, choo kilicho mbali na kisima, na mahali pakavu pa kulala. Dawa ya chupa na sindano hufuata nyuma. Jeshi lisilojua jambo hili huzika watu wake kabla halijamwona adui.

Kama mtu afikiri hayo ni mambo ya kale, atazame vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yaliingia nchini kwetu mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Waandishi Tony Avirgan na Martha Honey, walioifuata vita ile hatua kwa hatua, waliandika kwamba askari wa Tanzania 373 walifariki, na katika hao 96 tu ndio waliofia katika mapigano. Wengine walichukuliwa na ajali na mambo mengine ya safari ya vita. Kwa kila askari mmoja aliyeangushwa na adui, wawili na zaidi waliangushwa na jambo jingine. Tukijua hivyo, twaweza kusema kwamba idara ya tiba ni mkoba wa nyongeza tu, unaofungwa nyuma ya gari la silaha? Hasha. Ni sehemu ya silaha yenyewe.

Sasa tuziangalie tarehe mbili. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito waliasi. Malalamiko yao yalikuwa mshahara mdogo na maafisa Waingereza waliokuwa bado wanashika amri zaidi ya miaka miwili baada ya Uhuru. Serikali ililazimika kuomba msaada wa askari wa Kiingereza ili kuzima maasi, na Mwalimu Nyerere hakuficha aibu iliyoipata nchi. Lakini kutokana na aibu hiyo tulipata akili. Jeshi la zamani likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, likiwa na vijana wa nchi hii na amri ya nchi hii. Tulijifunza kwamba amri ya jeshi haiazimwi.

Tarehe ya pili ni 20 Januari pia, lakini mwaka 2025. Siku hiyo Rais Donald Trump wa Marekani aliingia madarakani na kutia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nchi za nje kwa siku 90 ili ichunguzwe. Mkulima wa Rungwe au mfanya biashara wa Tunduma angeweza kusema: yanihusu nini? Yamhusu sana, naye yafaa ajue kwa nini.

Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba katika watu wazima wa Tanzania, 4.4 kwa mia walikuwa na virusi vya UKIMWI. Njombe hesabu ilikuwa 12.7 kwa mia, Iringa 11.1, na Mbeya 9.6. Mikoa hiyo mitatu ndiyo iliyoongoza nchi nzima, na yote ni ya kwetu. Dawa za kupunguza makali ya virusi, ambazo zimewaweka hai baba na mama wengi, kwa miaka mingi zilitegemea sana mpango wa Marekani uitwao PEPFAR, ulioanzishwa mwaka 2003 wakati wa Rais George W. Bush. Na katika Mbeya, Rukwa na Ruvuma kazi hiyo kwa upande wa Marekani ilishikwa na wizara yao ya ulinzi, kwa njia ya taasisi ya utafiti ya jeshi lao iitwayo Walter Reed. Hospitali za Jeshi letu nazo zilipata msaada kutoka mfuko huo huo.

Msomaji asituelewe vibaya. Hatuwatukani waliotusaidia. Mtu aliyekupa maji ukiwa na kiu humrushii jiwe. Wako watu katika vijiji vyetu wanaopumua leo kwa sababu ya msaada huo, na baada ya amri ile ruhusa ilitolewa ili huduma za kuokoa maisha ziendelee. Lakini je, taifa linalojitawala laweza kulala usingizi likijua kwamba dawa ya watu wake, na dawa ya askari wake, yaweza kusimamishwa kwa kalamu moja Washington? Mwaka 1964 tulikataa amri ya jeshi kukaa katika mikono ya wageni. Tiba ya jeshi ni tofauti gani? Askari aliye mgonjwa hawezi kulinda mpaka, hata kama kamanda wake ni Mtanzania kwa damu na kwa kiapo.

Jeshi la Ujerumani nalo limekuwa na washauri wake hapa nchini kwa muda mrefu, wakiisaidia idara ya tiba ya Jeshi letu. Wajukuu wa Zelewski na wajukuu wa Mkwawa kushirikiana chini ya jina la Lugalo si jambo baya. Dunia hubadilika, na uhasama wa babu haurithiwi kama shamba. Lakini mshauri ni mshauri. Siku akifunga sanduku lake, lazima kazi ibaki inaendelea. Hicho ndicho kipimo cha msaada wa kweli.

Yafaa sasa tueleze idara ya tiba ya jeshi hufanya nini, kwa sababu wengi hudhani ni daktari mmoja aliyevaa kombati. Kazi yake ina ngazi, na kila ngazi huitegemea iliyo chini yake. Ngazi ya kwanza ni askari mwenyewe na mwenzake aliye ubavuni: ajue kuzuia damu, kufunga jeraha, kumgeuza mtu aliyezimia asisongwe na ulimi wake. Majeruhi wengi wa vita na wa barabara hufa katika saa ya kwanza kwa kutokwa damu, kabla hawajaona daktari ye yote. Ngazi ya pili ni zahanati ya kikosi, yenye tabibu na wauguzi, ambao kazi yao kubwa wakati wa amani ni kuzuia: kupima, kuchanja, kukagua jiko na vyoo, kugawa vyandarua. Ngazi ya tatu ni hospitali za jeshi za kanda, kama Mbalizi kwetu Mbeya, Mirambo huko Tabora, Mwanza, na Bububu huko Zanzibar. Ngazi ya mwisho ni Hospitali Kuu ya Lugalo, pamoja na chuo chake cha tiba kinachowafundisha waganga wa Jeshi.

Juu ya ngazi zote iko kanuni moja, ambayo mataifa yaliiandika Geneva mwaka 1864 na kuikaza tena mwaka 1949: mganga wa jeshi humtibu majeruhi kwa kadiri ya jeraha lake, hata akiwa adui aliyetekwa. Jeshi letu limekwenda chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa kulinda amani Darfur na Kongo. Tarehe 7 Desemba 2017, huko Semuliki katika Kongo ya mashariki, kambi ya askari wetu ilishambuliwa, wasiopungua 14 wakauawa na makumi wakajeruhiwa. Siku kama hiyo ndipo ngazi hizi hupimwa. Majeruhi hupona au hufa kufuatana na yule mwenzake aliyejifunza au hakujifunza kufunga jeraha, gari lililokuwapo au halikuwapo, damu iliyohifadhiwa au haikuhifadhiwa.

Basi kosa liko wapi? Kwa maoni yetu kosa ni hili: tumezoea kuijenga nyumba kuanzia paa. Fedha na macho ya wakubwa huenda Lugalo, na ni haki Lugalo ipate, kwa maana ni hospitali ya taifa zima. Lakini ngazi ya kwanza na ya pili, zilizo porini kambini, ndizo zinazoamua nani atafika Lugalo akiwa hai.

Sisi tuandikao haya tumepita kambini, kama sheria inavyowataka vijana wanaomaliza kidato cha sita tangu utaratibu huo ulipofufuliwa mwaka 2013. Kambi yetu hatuitaji, kwa maana hatukusudii kumshitaki mtu. Ulikuwa mwezi wa Juni, baridi ya kwetu inaijua kila mtu aliyewahi kuamka saa kumi za alfajiri kwenda mchakamchaka huku umande umeganda majanini. Mwenzetu mmoja aliyetoka pwani alianza kukohoa. Siku ya kwanza aliambiwa anatega. Siku ya pili aliambiwa anatega. Siku ya tatu hakuweza kuinuka kitandani, midomo imekauka, kila pumzi inamchoma ubavuni, na ndipo alipopakiwa juu ya lori la kuni kupelekwa hospitali ya wilaya. Alipona, kwa rehema za Mungu na kwa kazi ya wauguzi wa raia. Lakini alitumia wiki tatu kitandani kwa ugonjwa ambao vidonge vya siku chache, kama vingaliwahi, vingaliuzima. Hakuna aliyekusudia kumwumiza. Aliyemwambia anatega alikuwa mwalimu wa kwata na si mganga, na pale kambini usiku ule mganga hakuwapo.

Wazazi wanaotoa watoto wao kwa Taifa hawatuombi watoto wao wasichoke. Kuchoka ni sehemu ya kujenga. Wanaomba jambo moja tu: mtoto akisema naumwa, awepo mtu mwenye elimu ya kujua kama ni kweli.

Nyanda zetu zina hali yake ambayo kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya pwani hakitaieleza. Katika Makete na Njombe malaria ni ndogo sana. Kijana aliyekulia huko hana kinga ya mazoea. Akipelekwa ghafula Rufiji au Ruvuma, homa ya kwanza yaweza kumwua wakati mwenyeji anaugua siku mbili na kurudi shamba. Vivyo hivyo kijana wa Lindi akiletwa Mafinga mwezi wa Juni bila sweta huletewa kichomi. Daktari wa kikosi anayejua hayo huokoa watu kwa daftari na blanketi. Asiyejua hungoja mpaka aokoe kwa machela.

Tena tuna barabara. Njia kuu iendayo Zambia hupita katikati yetu, kutoka Kitonga mpaka Tunduma, na magari makubwa hupinduka katika miteremko yetu mwaka baada ya mwaka, pamoja na mteremko wa kushukia Mbalizi. Hospitali ya Jeshi ya Mbalizi iko karibu na njia hiyo, na uwanja wa ndege wa Songwe, uliofunguliwa Desemba 2012, uko jirani. Kutoka Mbeya mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kwa gari. Mtu mwenye paja lililovunjika na damu inayotoka hana kilomita 800 za kusafiri. Hospitali za Jeshi hutibu raia pia, na kwa sababu hiyo kila shilingi itakayowekwa Mbalizi italala katika kitanda kimoja na askari, dereva wa lori, mama wa sokoni na mtoto wa shule.

Wengine watasema: mambo ya Jeshi ni siri, gazeti linyamaze. Twajibu: idadi ya mizinga ni siri, nasi hatuiulizi. Kama kuna tabibu anayelala kambini au hakuna, hiyo si siri. Kila kijana aliyekaa huko anaijua, na adui haimsaidii kitu.

Wengine watasema: raia hawana dawa za kutosha, kwa nini askari apewe mbele? Twajibu: hatuombi mbele, twaomba pamoja. Mwaka 2012 madaktari wa hospitali za serikali walipogoma, madaktari wa Jeshi waliitwa kwenda kutibu wagonjwa Muhimbili. Watu wakashangilia kwamba Jeshi limeokoa. Ni kweli walifanya kazi njema. Lakini kila daktari wa Jeshi aliyechukuliwa siku hizo aliacha nyuma yake chumba kimoja kitupu, na idara ndogo haiwezi kuwa kiraka cha nguo yote. Jeshi lenye tiba imara huwafaa raia siku ya msiba, kama maporomoko ya Hanang ya tarehe 3 Desemba 2023 ambako askari walikwenda kuwaokoa watu katika tope. Jeshi lenye tiba dhaifu huwa mzigo mwingine juu ya hospitali za raia.

Wengine tena watasema: hatuna uwezo. Neno hili twalijua. Ndilo waliloambiwa wazee wetu walipodai Uhuru. Mwaka 1961 Tanganyika ilikuwa na madaktari wake wazalendo 12 tu. Mwaka 1963 tukafungua shule ya udaktari Dar es Salaam, na leo wana wa nchi hii wanapasua moyo na ubongo. Tusingalianza kwa sababu tulikuwa 12, tungalikuwa 12 hata leo. Na hapa hapa kwetu vipo vitu ambavyo jeshi lo lote lingevitamani. Pareto ya nyanda zetu, ambayo ina kiwanda Mafinga, ni sumu ya mbu na chawa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili majeshi ya dunia yaliitafuta pareto ya Afrika Mashariki kwa udi na uvumba ili kuwakinga askari wao. Huko Idofi, Makambako, Bohari ya Dawa imejenga kiwanda cha mipira ya mikono ya waganga. Mkulima wetu na mfanya kazi wetu wamekwisha kuanza. Ni mpango unaowachelewesha.

Kwa hiyo twaitaka Serikali, na Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, na Wabunge wa mikoa yetu, wayatazame mambo haya matano.

La kwanza, kila kambi yenye vijana wa mafunzo iwe na tabibu anayelala kambini usiku na mchana, na neno lake juu ya nani ni mgonjwa liwe ndilo la mwisho. Mwalimu wa kwata atawale uwanja wa kwata. Asitawale kifua cha mtu.

La pili, Mbalizi iwe hospitali ya kanda kwa maana kamili: mpasuaji wa mifupa, akiba ya damu, magari ya wagonjwa yenye mafuta, na utaratibu ulioandikwa na kufanyiwa mazoezi pamoja na uwanja wa Songwe na hospitali ya rufaa ya Mbeya, ili siku ya ajali watu wasianze kutafutana kwa simu.

La tatu, dawa za lazima za Jeshi, na za UKIMWI zikiwa mbele, ziwe na fungu lake katika bajeti ya nchi, kwa shilingi yetu. Msaada ukija uongeze juu ya fungu hilo, usiwe ndilo fungu. Bunge liambiwe kila mwaka ni sehemu gani tumelipa wenyewe, na sehemu hiyo ikue kila mwaka mpaka iwe yote.

La nne, askari wote na vijana wote wa mafunzo wafundishwe huduma ya kwanza mpaka waijue kama wanavyojua kufungua na kufunga bunduki. Gharama yake ni ndogo. Kijana huyo akirudi kijijini Ludewa au Chunya atakuwa amebeba elimu ambayo kijiji kizima kitaitumia.

La tano, askari mstaafu na mjane wa askari wasisahauliwe mlangoni. Aliyelinda nchi akiwa na nguvu asiombe dawa kama mwombaji akiwa mzee. Tumepitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023; basi wazee hawa wawe miongoni mwa watu wa kwanza kuona kwamba neno “wote” lina maana.

Ndugu wanachama, msiyasome haya na kuikunja gazeti. Kila tawi liandike barua kwa Mbunge wake na kumwuliza swali moja tu kwa kuanzia: katika bajeti ya ulinzi, dawa ya askari inanunuliwa kwa fedha ya nani? Wazazi wenye vijana kambini wawaulize vijana wao habari za zahanati kama wanavyowauliza habari za chakula. Walimu wa sayansi katika shule zetu za Mbeya na Iringa wawaelekeze wanafunzi wao, wasichana kwa wavulana, kwamba uganga na uuguzi katika Jeshi ni kazi ya heshima, na kwamba mtu aweza kulitumikia Taifa akiwa na mkasi na bandeji kama yule aliye na bunduki.

Mababu zetu pale Lugalo walishika mikuki na ngao walizozitengeneza wenyewe, chini ya amri yao wenyewe. Jina lao tumelipeleka mpaka pwani na kuliandika juu ya mlango wa hospitali. Sasa tuingie ndani ya mlango huo, tuhesabu chupa zilizo rafuni, na tuhakikishe kwamba zimenunuliwa kwa jasho letu. Hapo ndipo jina na kitu vitakapofanana.

Uhuru na Kazi!